Simu Nayo Ipige Hodi: Mwongozo kwa Wafanyakazi

Februari ya mwaka juzi nilikuwa likizo nyumbani Muheza. Jioni moja mama alinikalisha barazani anieleze habari ya mpaka wa shamba. Jirani mpya alikuwa amenunua upande wa bondeni, akafyeka mibono aliyoipanda marehemu baba, na sasa mstari wa mwisho wa michungwa haujulikani ni wa nani. Lilikuwa jambo zito, na mama alikuwa amelitunza wiki nzima ili tuzungumze ana kwa ana. Maneno yakiwa katikati, simu yangu ikatetemeka juu ya mkeka. Nikaitupia jicho. Ikatetemeka tena. Nikasema, "Endelea mama, nakusikia," na huku kidole gumba kinaandika. Mama hakuendelea. Alichukua chupa ya chai, akafunika sahani ya mihogo, akainuka kwenda jikoni. Ujumbe wenyewe ulitoka kwenye kundi la kazini. Tulikuwa tunaulizwa saizi za fulana za Mei Mosi.

Habari ya shamba nilikuja kuisikia kesho yake, kwa ufupi, kutoka kwa dada yangu.

Nimefanya kazi za utumishi kwa miaka mingi, na tangu jioni ile nimekuwa nikitazama kwa makini jinsi simu inavyokula saa za watu. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, karani, muuguzi, mhasibu na fundi, na pia kwa aliyejiajiri ambaye simu ndiyo kaunta yake. Simwambii mtu atupe simu. Simu ndiyo benki yetu, ndiyo njia ya kumtumia mzazi hela ya dawa, ndiyo inayoleta habari ya msiba kabla jogoo hajawika. Ninachosema ni kimoja: mpaka wa simu ni mpaka kati ya watu, kama ule wa shamba. Mibono ya baba haikuwa na nguvu ya kumzuia mtu kupita, hata mbuzi alipenya. Iliheshimiwa kwa sababu ilipandwa mchana kweupe, majirani wa pande zote wakiwepo na mjumbe akishuhudia. Mpaka uliouweka moyoni mwako peke yako, mwenzako ataukanyaga bila kujua, nawe utamchukia bure.

Kujificha si kuweka mpaka

Wengi wetu tunajilinda kimyakimya. Ikifika saa 3 usiku tunazima data. Tunaficha muda wa mwisho wa kuonekana mtandaoni. Asubuhi tunasema bando liliisha, au umeme ulikatika simu ikazima. Hila hizi husaidia siku mbili tatu, kisha zinageuka mzigo, maana uongo unataka kulindwa kila siku.

Tena kwetu kunyamaza kuna tafsiri zake. Asiyejibu anahesabiwa kuwa ana dharau, au amekasirika, au amepatwa na jambo. Bosi anaudhika, rafiki ananuna, na shangazi anaanza kuwapigia majirani zako kuuliza kama u mzima. WhatsApp walipoleta tiki za bluu mwezi Novemba 2014 walizidisha ugumu, kwa kuwa sasa mtu anajua umesoma na anaanza kuhesabu dakika. Ni kweli unaweza kuzizima, ila ujue mambo mawili. Ukizizima, nawe huoni za wenzako. Na ndani ya kundi hazizimiki: aliyetuma ujumbe akiubonyeza ataona orodha ya waliousoma. Kwa hiyo mfanyakazi anayedhani amejificha ndani ya kundi la kazini hajajificha. Ameonekana amesoma, na kimya chake kimeshapewa maana.

Dawa yake ni kusema. Lakini usianze kwa kuandika kwenye kundi. Mwendee kwanza mkuu wako wa kazi, uso kwa uso, wakati ametulia, si Ijumaa jioni na si siku ya kufunga mahesabu. Mwambie kwa heshima na kwa maneno machache: "Mkuu, nimekuja tushauriane. Ningependa nijipangie saa za kusoma ujumbe wa kazi, ili mchana nifanye kazi kwa utulivu na usiku nipumzike. Jambo la dharura nitalipokea muda wowote kwa simu ya kupiga. Wewe unaonaje?" Swali la mwisho usiliache. Linampa nafasi ya kusema mahitaji yake, na mara nyingi utagundua kwamba ujumbe anaokutumia saa 4 usiku hakuutarajia ujibiwe usiku huo. Ameutuma kwa kuogopa kusahau.

Mkishaelewana, ndipo uandike kwenye kundi. Maneno kama haya yanatosha:

"Habari za jioni, wakuu na wenzangu. Kuanzia Jumatatu nitakuwa nikisoma ujumbe wa kazi hadi saa 12 jioni. Utakaoingia baada ya hapo nitaujibu kesho yake saa 2 asubuhi. Likitokea jambo lisiloweza kungoja, tafadhali nipigieni simu ya kawaida, nitapokea. Asanteni."

Yasome tena polepole. Hayana malalamiko wala hayaombi radhi kwa kosa ambalo halikutendeka. Saa imetajwa, ahadi ya kujibu imetajwa, na mlango wa dharura umebaki wazi. Kikikosekana kimojawapo, ujumbe wote unabadilika ladha. Bila ahadi ya kujibu unasikika kama mgomo, na bila mlango wa dharura unasikika kama kuwatupa wenzako.

Wazee wa nyumbani usiwaandikie. Wapigie, uwaeleze kwa mdomo.

Sheria inasemaje

Mfanyakazi wa Tanzania Bara ana msingi wa kusimamia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Imetaka pia, ukiacha mazingira machache, mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Ulinzi huo hauwagusi mameneja wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na kazi ya dharura ina nafasi yake.

Sheria ile iliandikwa kabla simu hazijawa ofisi, haitaji makundi wala ujumbe. Lakini mimi naona hivi: ukiandikiwa saa 3 usiku ufungue kompyuta, urekebishe jedwali, ulirudishe kabla ya kulala, hiyo ni kazi kama kazi nyingine yoyote, na zile saa 12 za mapumziko zinapaswa kuhesabiwa upya tangu ulipofunga kompyuta.

Wenzetu wengine wamelishika jambo hili kwa jina lake. Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki yao ya kutoshikwa na vyombo vya mawasiliano baada ya kazi. Kenya, mwaka 2022, Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka muswada wa kubadilisha sheria ya ajira ili mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu nje ya saa za kazi. Waajiri waliupinga, na mjadala ukawaka ofisini na redioni.

Kwa nini nasisitiza saa? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja kuhusu kazi za muda mrefu. Waligundua kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na hatari kubwa zaidi ya kiharusi kwa kiasi cha asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Sasa fanya hesabu yako. Chukua zile 45 za sheria. Ongeza muda wa saa 2 kila jioni ya siku 5 za wiki, ukiwa kwenye kochi, chakula kinapoa, unajibu mambo ya ofisi. Umefika 55. Hakuna aliyekuona umebaki ofisini, wala hakuna aliyekulipa, lakini mwili umeziandika saa zote.

Hodi ya pili

Mswahili hafiki kwa mtu akasukuma mlango. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja. Akipiga ya tatu bila kuitikiwa anageuka kwenda zake bila kinyongo, maana wenyewe labda wamelala au wana shughuli zao. Adabu hiyo tumelelewa nayo, na hatukuhitaji kuandikiwa. Simu ilipoingia tukairuhusu ipite bila hodi, kupita baraza, kupita ukumbi, mpaka kitandani.

Ndani ya simu yenyewe hodi ipo, ila wengi hatujaifungua. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "Usinisumbue". Ipangie muda, tuseme kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri. Halafu chagua watu ambao simu zao zitaita wakati wowote: mzazi, mwenzi, mtoto aliye shule ya bweni, anayekaa na mgonjwa wenu. Orodha iwe fupi. Ukiwaingiza watu thelathini umeuondoa mlango.

Kisha tafuta kipengele kinachoruhusu wanaorudia kupiga. Mtu yeyote akipiga mara moja, simu inabaki kimya. Namba hiyohiyo ikipiga tena ndani ya dakika chache, simu inaita. Kwenye simu nyingi za Android dakika hizo ni 15, kwenye iPhone ni 3. Hiyo ndiyo hodi ya pili, nami naiona ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu inaondoa ile hofu inayotufanya tulale na simu chini ya mto: je, nikipigiwa kuna msiba? Waambie ndugu na wenzako wa kazi maneno manne tu: usiku, piga mara mbili. Mwenye jambo la kweli atarudia. Mwenye swali la fulana hatarudia.

Kuna wanaoishi chumba kimoja, nao wanauliza wataiacha wapi simu wakati sebule, jiko na kitanda viko pamoja. Iweke mbali na mkono, juu ya kabati au ndani ya mkoba uliotundikwa mlangoni, ichajiwe huko. Ukilazimika kusimama ili kuifikia, nusu ya hamu ya kuifungua inaisha. Kama simu ndiyo saa ya kukuamsha na ndiyo tochi ya kwenda uani, nunua saa ndogo ya mezani na tochi. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale angalau saa 7, na mtu anayejiambia "natazama mara moja tu" saa 5 usiku hazifikishi.

Walio kwenye zamu, wauguzi, mafundi umeme, walinzi, wana hali yao. Hapo mpaka unawekwa kwenye ratiba. Ubandikwe ukutani na kwenye kundi: wiki hii wa kupigiwa ni fulani, na akishindwa ni fulani. Asiyekuwa kwenye orodha alale. Nimeona kitengo chenye watu wanane ambamo wote wanane walikuwa wakiamka kwa kila simu, kwa sababu hakuna aliyejua zamu ni ya nani.

Makundi

Hapa nitasema kwa haraka, kwani ugonjwa unajulikana. Kundi la ukoo, la jumuiya, la wazazi wa darasa la tatu, la waliosoma pamoja, na kamati za harusi zisizoisha. Yanyamazishe yote kwa chaguo la siku zote, kisha yapitie mara moja kwa siku, kwa mfano ukiwa ndani ya daladala unarudi nyumbani. Mchango utautoa, pole utaitoa, ila si kila ujumbe unapolia. Harusi ikishapita, aga kwa maneno mazuri utoke. Kundi la kazini lisichanganywe na salamu za asubuhi na picha za maua. Mwombe admini afungue la pili kwa hayo, na kila mmoja atashukuru.

Mchana nao

Watu hudhani mpaka ni wa usiku tu. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wanaokatizwa kazini. Waliokatizwa hawakuchelewa kumaliza, walimaliza haraka zaidi. Lakini walikuwa na msongo zaidi, walihisi kukimbizwa, na walitumia nguvu nyingi zaidi. Nikisoma hilo namkumbuka mhasibu tuliyekuwa naye, aliyekuwa akifunga hesabu za mwezi huku simu imelala juu ya kikokotoo. Hesabu zake zilitoka sawa, na kwa wakati. Ila kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani amechoka kuliko wabeba mizigo, na hakujua ni kwa nini.

Kama kazi yako inataka utulivu, tenga dakika tisini za asubuhi, simu iingie kwenye droo, na mwenzako wa meza ya pili ajue. Akihitaji jambo atakugusa bega.

Kwa mwenye biashara

Mama anayepokea oda za keki kwa WhatsApp, fundi cherehani, wakala, dereva wa bodaboda: kwenu kunyamaza ni kupoteza mteja, na siwezi kuwaambia mzime. Ila hata duka la mangi wa mtaani lina saa ya kuteremsha mlango, na mteja akikuta limefungwa anarudi kesho. WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuandika saa za kazi, na ina jibu linalojituma lenyewe mkiwa mmefunga. Andika jibu lenye utu: "Karibu. Tumefunga kwa leo. Oda yako nitaisoma kesho saa 1 asubuhi. Tafadhali andika aina, ukubwa na siku unayoihitaji." Mteja anayepata jibu kama hilo hahisi kupuuzwa, na asubuhi unakuta oda imeshakamilika.

Mwenye simu ya laini mbili atenge laini ya biashara na laini ya nyumbani. Jioni laini ya biashara izimwe kwenye mipangilio, ya nyumbani ibaki. Hakikisha tu kwamba akaunti ya pesa ya matumizi ya nyumbani haiko kwenye ile unayoizima, usije ukakwama mtoto akiugua usiku.

Kwa wakuu wa kazi

Nyinyi ndio wenye ufunguo. Mfanyakazi wa chini anaweza kutangaza saa zake mara kumi, lakini ujumbe wako mmoja wa saa 5 usiku wenye alama tatu za kuuliza unafuta yote. Ukikumbuka jambo usiku, liandike kwenye daftari au kwenye kumbukumbu za simu, ulitume asubuhi. Kama ni barua pepe, ipangie muda ijitume yenyewe saa 2. Kuongeza maneno "si lazima ujibu leo" hakusaidii sana, kwa kuwa anayekutegemea kwa mshahara akiona jina lako anainuka kitandani. Na asubuhi usimsifu mbele ya wenzake yule aliyejibu usiku wa manane. Wengine wanasikiliza, na wanajifunza kitu ambacho hukukusudia kuwafundisha.

Mkuu akikataa

Wapo watakaokataa, na usigombane. Chukua daftari dogo. Kwa wiki 4, kila ujumbe au simu ya kazi inayoingia baada ya saa zako, andika tarehe, saa, jambo lililoagizwa, muda uliotumia, na kama lingeweza kungoja asubuhi. Usiandike hasira zako humo, andika hesabu tu. Mimi nilifanya hivyo baada ya kurudi kutoka Muheza. Wiki nne zilipotimia nilikuwa nimejaza kurasa sita, na mambo ambayo kwa haki yasingeweza kungoja yalikuwa matatu: bomba lililopasuka stoo, mwenzetu aliyelazwa, na gari la mzigo lililozuiwa njiani. Yote matatu nilipigiwa simu. Hakuna hata moja lililoletwa kwa ujumbe.

Nilipeleka daftari lile kwa mkuu wangu, nikalifungua mezani, nikanyamaza. Alisoma kurasa mbili, akauliza kama anaweza kubaki nalo mpaka kesho. Kama wako hatalisoma, lipeleke kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali pako pa kazi, pamoja na mkataba wako, na muanzie kwenye ukurasa wa saa za ziada.